Jeli ya asidi ya azelaiki inanichonyota usoni, niiache?

Swali: Shikamoo dokta. Nina miaka 34, ngozi yangu nyeusi, nipo Tanga. Mashavu na pua vimejaa vipele vidogo, nikinywa chai ya moto au nikikaa jikoni uso unawaka. Daktari kasema ni rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso, kaniandikia jeli ya asidi ya azelaiki asilimia 15, nipake asubuhi na jioni. Hii wiki ya pili, nikipaka inachonyota mpaka machozi yanatoka. Zamani nilikuwa natumia krimu ya betamethasoni ya kununua tu famasi, kama mwaka hivi, na hata sasa naipaka kidogo usiku inanituliza. Nina mimba ya miezi minne. Niache jeli? Mashosti wananiambia rosasia ni ya wazungu.

Jibu: Marahaba dada, na hongera kwa ujauzito. Jeli usiitupe. Mimi nina kesi na hiyo betamethasoni, manake kwa maelezo yako inawezekana kabisa ndo imeleta hivyo vipele au imevizidisha. Ni steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), haikutengenezwa kupakwa usoni mwaka mzima, ukiipaka wekundu na muwasho vinatulia siku mbili tatu unaona mambo safi, kumbe chini ngozi inazidi kuwa nyembamba na vimishipa vinatanuka, ukiacha kidogo tu uso unalipuka kwahiyo unarudi kupaka tena, ndo unakuwa mtumwa wa tyubu. Halafu juu ya ngozi iliyochakazwa hivyo unaweka asidi, lazima ichonyote!

Steroidi inabidi iachwe, ila kwa aliyepaka muda wote huo usijipangie mwenyewe, rudi kwa daktari wako umwambie ukweli wote (najua wengi mnaficha hii sehemu), ataamua uache moja kwa moja au akushushe kwanza kwenye haidrokotisoni, steroidi hafifu. Ukishaacha tegemea uso kuchafuka wiki kadhaa, na wengine inaenda miezi. Hapo ndo watu wanasema jeli imeniharibu, wakati jeli ya watu haijafanya kitu.

Sasa jeli yenyewe. Kuchonyota na kuwasha dakika chache baada ya kupaka, wiki za mwanzo, ni kawaida na kwa wengi kunapungua. Ila mpaka machozi hapana, punguza mwendo. Nawa na maji ya uvuguvugu na kitu laini kisicho na manukato, achana na skrabu, tona yenye spiriti na sabuni zenye mentho, jifute kwa kugusagusa bila kusugua, subiri uso ukauke vizuri kama dakika 15, paka losheni yako ya kawaida isiyo na harufu, ndo jeli iende juu yake. Anza jioni moja unaruka moja, ikizoeleka kila jioni, baadae ndo asubuhi na jioni. Uso mzima unatosha mstari wa kama sm 2 na nusu kutoka kwenye tyubu, kuzidisha hakuharakishi chochote. Ukiona kuvimba, malengelenge, au kifua kubana (wenye pumu hasa muwe macho) acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Kuhusu mimba, hii ni moja ya dawa za rosasia ambazo hatuna wasiwasi nazo sana, inayoingia mwilini ni kidogo mno. Ambayo hutakiwi kupewa sasa hivi ni doksisaiklini (antibayotiki ya vidonge), kwahiyo ukiandikiwa vidonge popote taja mimba kwanza. Na kama kuna mkorogo wowote bado unatumia, acha leo, huwezi jua ndani kuna zebaki au nini.

Hao mashosti wako wasikutishe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha tu, ndo maana watu weusi wanaambiwa ni chunusi miaka na miaka. Mimi huwa naangalia joto la mashavu, ngozi inayochoma kwa kila kitu, na vipele visivyo na vile vichwa vyeusi vya chunusi. Na uzuri mmoja wa asidi hii kwetu weusi, inafifisha pia madoa yanayobaki vipele vikipona, bila kukuchubua rangi yako.

Isichofanya ni kuondoa vimishipa vilivyokwisha kutanuka, hivyo ni kazi ya leza, na kwa ule uso kuwaka ukinywa chai haisaidii sana. Chai iache ipoe kidogo, pilipili angalia mwenyewe kama inakuchokoza, na jua la Tanga unalijua: sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 kwenda juu kila asubuhi. Zile za zinki ndo haziwashi sana, tatizo zinakuacha kama umemwagikiwa unga, tafuta yenye rangi ya kahawia.

Ipe jeli wiki 12 tangu uanze kuipaka vizuri ndo uihukumu, kabla ya hapo ni mapema. Ila kuna kitu hujakitaja, macho. Kama yanakuwasha, yanakuwa mekundu au unahisi kama mchanga ndani, hiyo rosasia inaweza kuwa imefika huko na jeli haipakwi jichoni, nenda kliniki ya macho wiki hii.