Mleta mada, chana hiyo fomu ya muhtasari leo hii

Weka kalamu chini kwanza. Uzi wako nimeusoma wote: unataka kuanzisha klabu ya kusoma hapo chuoni, unauliza mkutane siku gani, riwaya mtazitoa wapi, viburudisho vitagharimu kiasi gani, na wanachuo wavutwe vipi waje maktaba kusoma kitu kisicho cha mtihani. Sawa. Lakini macho yangu yamegoma kuhama kwenye picha ya fomu uliyoambatisha. "Jina la kitabu, wahusika wakuu, dhamira, ujumbe ulioupata, sahihi ya mkutubi." Na chini yake: vitabu vitano, cheti.

Mkuu, hiyo fomu naijua. Niliizaa mimi. Ya kwako imezidi nembo tu.

Nilikuwa mkutubi msaidizi kwenye chuo kimoja cha ualimu, sikitaji. Tukapelekwa warsha. Akaja jamaa mwenye suti ya kubana na projekta, siku mbili nzima anatuimbia kwamba kisichopimika hakipo. Nami nikapiga makofi! Nilipaswa kumuuliza mapenzi ya mama yake aliyapima kwa kilo au kwa lita, lakini posho ilikuwa haijatoka, na wewe unajua mtu anayesubiri posho huwa hana maswali. Huyo bwana popote alipo, namwombea apangiwe kusahihisha mihtasari mia mbili kwa mkono, umeme umekatika.

Nikarudi na moto. Kila anayeazima riwaya alete muhtasari wa ukurasa mmoja ndani ya siku 14. Akifikisha vitano anapata cheti chenye sahihi ya mkuu wa chuo. Vyeti nikachapisha 100 kwa mkupuo, karatasi ngumu, mpaka wa dhahabu, kwa fungu la kununulia vitabu. Irudie hiyo sentensi taratibu. Hela ya vitabu nilichapishia vyeti vya kusoma vitabu.

Wiki ya kwanza walijiandikisha 42, nikatembea chuoni kama niliyeleta maji kijijini. Wiki ya tatu mihtasari ikaanza kumiminika, nikakaa nayo usiku nikifurahi. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu una kosa lile lile la wa kwanza: mhusika Rehema kaandikwa "Rehama". Nikaendelea. Rehama alikuwa kwenye mihtasari kumi na mmoja. Mwingine yeye alinakili maneno ya nyuma ya jalada, akashuka nayo hadi chini kabisa na kumalizia na bei: Sh 8,500. Dhamira ya riwaya, shilingi elfu nane na mia tano.

Kumbe ile steshenari ya nje ya geti, inayouza madesa, ilishapanua biashara. Muhtasari 500, ukitaka jina lako lichapwe juu 700. Riwaya zenyewe zilikuwa zikitoka kaunta, zinalala chini ya godoro siku 14, kisha zinarudi. Takwimu zangu za uazimaji zilipaa, bosi akanisifia kikaoni. Kwenye karatasi tulikuwa chuo cha wasomaji, na vijana wa watu hawakuwa na kosa lolote: niliwapa zoezi, wakalitendea wanavyotendea mazoezi yote.

Hayo huwa nayacheka. Kuna moja silicheki.

Alikuwapo binti wa mwaka wa pili aliyependa kukaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, ndala kazivua, riwaya mapajani, tiketi ya basi ndiyo alama yake ya ukurasa. Nikipita namkuta anacheka peke yake. Siku ya 14 akaja kaunta akakiweka kitabu, tiketi bado imo, katikati hivi. "Mwalimu, sijakimaliza ila nakirudisha. Kila nikisoma nawaza kwenye dhamira nitaandika nini, basi naona kama nasomea sapu." Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba muda unaweza kuongezwa kwa kujaza fomu nyingine. Akasema haya, asante. Tangu siku ile alikuwa akija maktaba kuchaji simu tu. Tiketi yake niliichomoa mimi wakati narudisha kitabu kwenye rafu.

Na huyo ndiye msomaji pekee niliyekuwa naye! Wale 41 walikuwa wateja wa steshenari.

Nilipomsimulia mhadhiri mmoja wa saikolojia alinicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia jambo hilo lilishapimwa Marekani, utafiti ukatoka mwaka 1973: watoto wa chekechea pale Stanford waliokuwa wakipenda kuchora wakaahidiwa cheti chenye utepe kama watachora. Wakachora, wakapewa. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu zikiwa mezani bila ahadi yoyote, wakachora kama nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Cheti chenye utepe, mleta mada. Yaani kosa langu lilikuwa limeshafanyiwa utafiti kabla sijazaliwa, na mwenye projekta hakulisikia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitaipigania humu hadi uzi ufungwe: MSOMAJI ASIDAIWE KITU. Asidaiwe muhtasari, wala sahihi, wala "umejifunza nini". Akikiacha ukurasa wa kumi, kakiacha. Ukimkuta anasoma, pita kama hujamwona.

Tulifika hapo kwa bahati tu. Nilikuwa nimetenga riwaya kama 60 zilizochakaa zipelekwe stoo, boksi likakaa wiki nzima chini ya soketi wanazochajia simu. Watu wakisubiri chaji wakaanza kuchokoa. Nikaacha. Kitabu cha Kezilahabi, Rosa Mistika, nilikibandikia kipande cha karatasi: "Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni." Hakikumaliza siku mbili. Muhula ulipoisha vitabu 14 vilikuwa havijarudi, na kama unadhani hiyo ni hasara, njoo nikuonyeshe risiti ya vyeti.

Usiniambie riwaya hamna. Kama mnapanga vitabu kwa namba za Dewey, nenda 896.392, fasihi ya Kiswahili, mkiani kabisa mwa rafu za 800, nyuma ya Waingereza na Wafaransa. Kwetu ilikuwa pembeni ya mlango wa choo. Mwanachuo hafiki huko ila kwa dharura, na dharura yenyewe si ya kusoma. Zitoe, ziweke walipo watu. Bosi akidai takwimu, hesabu kila Ijumaa zimebaki ngapi kwenye boksi, mpe hiyo.

Kuna mdau hapo juu kakushauri uongeze na shindano la mwandishi bora wa muhtasari. Mdau, nakuheshimu, lakini una hisa kwenye steshenari gani?

Vyeti bado ninavyo 97. Vitatu vilitoka, na kimoja kati ya hivyo alichukua yule wa 8,500. Vilivyobaki, upande wa nyuma ni vyeupe na karatasi ni nzuri, mama wa kantini anaandikia madeni.