Ung'eng'e Umejaa Dukani kwa Mangi

Juzi msomaji wangu mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Niko kidato cha pili, misamiati ya Kiingereza haikai kichwani. Nikikariri kumi leo, kesho imebaki miwili. Wewe uliwezaje?" Nilimjibu kwa kifupi, halafu nikaona hapana, hili la ung'eng'e, yaani Kiingereza, ni la wengi. Ngoja nilimwage hapa.

Mimi ni dereva mwongozaji wa watalii, Arusha. Hivi karibuni nilishuka Ngorongoro na wageni wazee kutoka Uingereza. Jioni yule bibi akaniuliza Kiingereza nilisomea nchi gani. Nikamwambia: dukani kwa mjomba, Iringa. Akadhani natania.

Sitanii. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, kila kitu kwa Kiswahili. Unaingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka kimombo. Waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza wananyoosha mikono, sisi tunatazama dari. Mwalimu mmoja alikuwa na kawaida ya kunisimamisha nisome kwa sauti, kisha analigeukia darasa: "Mmeisikia hiyo redio mbovu?" Kicheko. Waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja, na wapo ambao leo wananipigia niwaunganishe na kazi za utalii. Tuyaache.

Jioni nilikuwa nauza duka la mjomba, lile la mtaani tunaloliita "kwa Mangi". Wateja wakikatika, unabaki unatazama rafu, na rafu ile ndiyo iliyonifundisha. Sabuni ya Sunlight: "sun" jua, "light" mwanga. Sabuni hiyo imeanza kuuzwa Uingereza tangu 1884, na mimi ilinipa maneno mawili bila kukariri. Nikageuza nikapata "daylight", nikageuza tena nikapata "moonlight". Lifebuoy ikanipa "life", uhai, na "buoy", ambalo ni boya lilelile la wavuvi wetu. Ukipanda boti ya Zanzibar utaziona pete za kuokolea zimetundikwa, na jina lake ndilo hilo la sabuni. Betri za Eveready: "ever", siku zote, "ready", tayari. Dawa ya meno ya Whitedent ilinipeleka hadi kwa "dentist" na "dental", maana hilo "dent" asili yake ni Kilatini, jino. Ila usimtamkie Mwingereza "dent" peke yake, atakwenda kukagua gari lake limebonyea wapi.

Neno la ubaoni hufutwa kipindi kikiisha. La sabuni unalioga kila siku.

Mjomba mwenyewe alikuwa mtu wa rege. Kaseti zilipigwa tangu mchana mpaka tunafunga, na mimi nikaanza kusoma makasha. The Wailers: "wail" ni kulia kwa sauti, kuomboleza, ongeza "-er" umepata mwenye kulia, kama sisi tunavyotoa mkulima kwenye lima. Hapo nikaona mlango umefunguka. Nje limepaki Land Rover: "rove" ni kuzurura, kwa hiyo rover ni mzururaji. Land Cruiser ninayoendesha leo, ni kanuni ileile. Tusker, bia ya Kenya, ina tembo kwenye lebo, na "tusk" ni pembe yake, na hapo "-er" haimaanishi mtenda bali mwenye nayo. Burning Spear ni mkuki unaowaka. Winston Rodney, mwimbaji wa rege wa Jamaika, alilichukua jina hilo kwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiitwa hivyo. Na bendi ya Black Uhuru? Nusu ya jina ni yetu! Wajamaika walikuja kukopa kwetu, sisi tunaona haya kukopa kwao.

Lakini majina yanadanganya, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwenzangu alidhani siagi ya Blue Band ni bendi ya muziki, kumbe "band" pia ni utepe au mkanda. "Close" ya dawa ya meno ya Close-Up ni karibu, kama picha iliyopigwa kwa karibu, na hutamkwa kwa "s". Ile ya kufunga mlango hutamkwa kwa "z". Matairi ya Goodyear na Firestone si mwaka mzuri wala jiwe la moto, ni majina ya watu: Charles Goodyear na Harvey Firestone, wote Wamarekani. Bridgestone nayo ilianzishwa na Mjapani, Shojiro Ishibashi, mwaka 1931. Jina lake la ukoo lina jiwe na daraja, yeye akayapindua kwa Kiingereza. Ukiandika "boyz" kwenye mtihani kwa kuwaiga Boyz II Men, umekwisha. Bendi ya Them Mushrooms wa Mombasa walitupa "mushroom", uyoga, ila hilo "them" la mwanzo liache kwao, kisarufi halisimami hapo. Na ukiwa London usiombe Kiwi ukitegemea dawa ya viatu. Utapewa tunda lenye manyoya.

Sasa nyie vijana mna simu mkononi yenye kamusi ndani, na bado mnanitumia ujumbe kwamba Kiingereza kigumu. Kigumu kwa nani? Livunje jina, tafuta kila kipande, kitungie sentensi yako mwenyewe. Halafu livunje lingine, ulitungie sentensi. Mimi sikuwa na kamusi ya kwangu. Ya shule ilikuwa moja, imechanika kuanzia herufi S, ndiyo maana "spear" nilimuuliza padri. Usione haya kuuliza. Mimi niliona haya mbele ya darasa, dukani sikuona. Chagua pa kujifunzia ambapo hakuna wa kukucheka, hata kama ni stoo.

Na wewe mdogo wangu wa kidato cha pili, marahaba. Umeuliza niliwezaje, ndiyo hivyo. Anzia bafuni kwenu leo jioni, kesho nenda kituoni usome migongo ya mabasi. Coaster: "coast" ni pwani, na coaster ni meli inayotembea kandokando ya pwani, hata kama yenu inaishia Ipogolo, Iringa. Mirinda achana nayo, hiyo si Kiingereza.