Jibu: Widal imetoka tena "pozitifu", nikubali mume wangu alazwe?

Dada, unasema kliniki inataka kumlaza mumeo siku tano kwa serumu (dripu) kwa sababu ya Widal, kipimo cha damu cha tifoidi. Kama anakula, anakunywa na anatembea, mimi singekubali haraka. Widal inatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu, si mdudu mwenyewe. Kingamwili hizo zinaweza kubaki damuni miezi mingi baada ya mtu kupona, na hata malaria inaweza kukivuruga kipimo. Ndiyo maana hapa Bukavu kila homa inaitwa tifoidi! Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani labo inaangalia kama mdudu ataota humo. Majibu huchukua siku kadhaa, na ni vizuri damu itolewe kabla ya antibiotiki.

Waombe karatasi ya labo na bei ya kila kitu kabla ya kulipa kosio (pesa ya dhamana), halafu umpeleke kwa daktari mwingine asiye na hisa katika kliniki hiyo. Umuulize pia kama malaria imepimwa. Malaria isiyo kali inatibiwa kwa vidonge vya siku 3, bila sindano.

Ila akianza kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu au kuumwa sana tumbo, mkimbize hospitali usiku huohuo. Mambo ya fakitire (bili) mtabishana baadaye.