Bendi Ikifa Changa, Nyimbo Zibaki Mikononi Mwenu

Vijana wanaoanzisha bendi huniuliza wanunue gitaa gani na shoo zinapatikanaje. Hayo nawajibu haraka, kisha nawaketisha niwasimulie habari za Galaxie 500, bendi ya roki ya Marekani.

Walikuwa watatu: Dean Wareham kwenye gitaa na sauti, Damon Krukowski kwenye dramu, Naomi Yang kwenye besi. Walijuana tangu sekondari New York, wote wakasoma Harvard, na mwaka 1987 wakaanzisha bendi yao pande za Boston. Kabla ya hapo Naomi hakuwa mpiga besi. Lakini sikiliza "Tugboat", singo yao ya kwanza ya mwaka 1988: gitaa linarudia mzunguko uleule, dramu inanyata, halafu besi inapanda juu na kuimba pale ambapo wengi wetu tungeng'ang'ania noti za chini. Nimepiga besi miaka mingi na bado naurudia wimbo huo nijifunze utulivu. Wakatoa albamu tatu, zote zikitayarishwa na Kramer. Mwaka 1991 Dean akaondoka, bendi ikaishia hapo.

Mwaka huohuo lebo yao, Rough Trade, ikafilisika. Masta zao, yaani rekodi asili za nyimbo, zikageuka mali ya kuuzwa ili kulipa madeni yasiyowahusu. Zikapigwa mnada, na Damon na Naomi ndio waliozinunua. Wametoa fedha zao mfukoni kununua sauti zao wenyewe! Inauma, ila walifanya jambo la maana kuliko shoo yoyote waliyowahi kupiga. Mwaka 1996 lebo ya Rykodisc ikatoa kasha lenye kazi zao, na leo wanasikilizwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa bendi ilipovunjika.

Sisi nasi yalitufika. Studio tuliyorekodia ilidaiwa pango, mwenye nyumba akaja na kufuli, kompyuta yenye nyimbo zetu ikabaki ndani. Kilichotuokoa ni tabia ya mpiga dramu wetu. Alikuwa haondoki studio kabla ya kunakili mafaili yote kwenye diski yake: besi peke yake, gitaa peke yake, kila maiki ya dramu na faili lake. Prodyuza alikuwa akinuna kwamba tunamchelewesha kufunga. Diski ile, imezungushiwa raba na kuandikwa jina la bendi kwa kalamu nyeupe, tukaipeleka studio nyingine tukamalizia kazi. Kwa hiyo nakili usiku uleule. Ukiambiwa "njoo kesho utazikuta", kaa hapohapo usubiri.

La pili ni mgawo wa fedha za nyimbo, na hapa ndipo urafiki mwingi huvunjikia. Galaxie 500 waliandikisha nyimbo kwa majina ya wote watatu. Damon aliwahi kueleza kwamba katika robo moja ya mwaka 2012, "Tugboat" ilichezwa mara 7,800 kwenye Pandora, redio ya mtandaoni, na watunzi wakapata senti 21 za dola, yaani senti 7 kila mmoja. Alipiga hesabu pia kwamba nyimbo zao zingehitaji kusikilizwa mtandaoni zaidi ya mara milioni 13 ili kuleta kiasi ambacho nakala 1,000 za singo walizochapisha mwaka 1988 zingeweza kuleta. Fedha ni kiduchu mno, najua. Lakini bendi ilishakufa zaidi ya miaka ishirini, na bado hakukuwa na haja ya kuitana kikao kuulizana nani alitunga nini.

Andikeni wakati bado mnacheka pamoja. Karatasi moja inatosha: nani ana asilimia ngapi, masta zinakaa kwa nani, jina la bendi linabaki kwa nani mmoja akitoka. Mkiwa Tanzania, sajilini nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yenu yote kabla hamjazipeleka redioni. Na kwenye karatasi hiyo ongezeni kwamba anayeondoka anapewa nakala yake ya diski siku hiyohiyo, hata kama hamsalimiani.