Neno "Wayahudi" katika igizo la Ijumaa Kuu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni katekista huku Buswelu, Mwanza. Naandaa igizo la Mateso na vijana wa kigango. Kwenye daftari nimeandika: "WAYAHUDI (kwa sauti kuu): Msulubishe!" Kijana mmoja akaniuliza, kwani Yesu naye si Myahudi? Nibadilishe, au niache kwa kuwa Injili ya Yohana ndivyo inavyosema?

JIBU: Milele amina, Katekista. Badilisha. Na huyo kijana umpongeze mbele ya wenzake, ameona jambo kubwa.

Yohana anatumia neno la Kiyunani Ioudaioi mara 70 hivi. Mathayo, Marko na Luka kwa pamoja hawafikishi 20. Ila maana yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Fungua 9:22. Wazazi wa yule aliyezaliwa kipofu "waliwaogopa Wayahudi". Wazazi hao walikuwa akina nani? Wayahudi vilevile! Wanaoogopwa ni wakubwa wenye uwezo wa kumfukuza mtu katika sinagogi. Mvuvi wa Ukerewe akisema "watu wa Mwanza wametushushia bei ya sangara", anawasema wanunuzi, wala hamsemi mama anayeuza nyanya Makoroboi. Tena katika 4:22 Yesu anamwambia mwanamke Msamaria kuwa wokovu watoka kwa Wayahudi.

Sasa mstari wako. Yohana 19:6 inawataja waliopaza sauti: wakuu wa makuhani na watumishi wao. Andika hivyohivyo. Ni kweli, mbele kidogo anaandika tena "Wayahudi", lakini wanaojibu "hatuna mfalme ila Kaisari", mstari wa 15, ni wakuu wa makuhani haohao. Aliyetoa hukumu ni Pilato, liwali wa Kirumi, na msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi. Injili inayosomwa kanisani usiiguse hata nukta. Daftari la igizo ndilo lako.

Kinachoniumiza zaidi ni mavazi. Nimeshaona igizo ambalo Yesu, Maria na mitume wamevaa kanzu nyeupe, halafu "Wayahudi" wamepakwa masizi usoni. Mtoto aliyekaa mkekani mbele anaondoka akijua taifa zima ni adui wa Mungu. Kwa karne nyingi huko Ulaya, mafundisho ya namna hiyo yaliwafanya Wayahudi wajifungie ndani siku za Juma Kuu, wakihofia kupigwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema wazi kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo.

Kwa hiyo wavike wote mavazi ya aina moja, isipokuwa askari wa Pilato. Kwenye viti vya baraza la wakuu wa Wayahudi mkalishe pia Yosefu wa Arimathaya, maana Marko 15:43 anamtaja kuwa mtu wa baraza, na kando yake Nikodemo, yule mkuu aliyemwendea Yesu usiku. Wakati wa kumshusha Yesu msalabani, wainuke hao wawili kutoka kwenye viti vilevile, wabebe sanda na manukato.