Kitakachokatika Kwanza: Ushauri wa Fundi wa Nyavu za Kukokota

Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño kuufurisha Mto Tana hadi ukabeba miti mizima mpaka baharini, trola, yaani meli ya kukokota nyavu, niliyokuwa fundi wake ilinasa mbele ya Kipini, katika kina cha pima kumi hivi. Wavu wa upande wa kulia ulikamata gogo lililozama matopeni, na nahodha, akidhani kwamba nguvu ya mashine ingelitosha kuling'oa, akaongeza mwendo. Chombo kikalala upande huo, maji yakapanda sitaha, na kifuniko cha ngama, yaani chumba cha chini cha kuhifadhia samaki, kilikuwa wazi kwa sababu tulikuwa tukipanga barafu. Kisha waya ukakatika mahali ulipokuwa umeungwa zamani, ukapita juu ya vichwa vyetu kwa sauti ambayo bado naisikia, na chombo kikainuka. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu nilielewa kwamba tuliokolewa na waya mbovu ambao mimi mwenyewe ningeubadilisha wiki iliyofuata. Laiti ningeuwahi, tungepinduka.

Tangu hapo, kila ninaposhona au kupanga zana ya kukokota, swali langu la kwanza ni hili: ikinasa, kitakachokatika kwanza ni kipi, na ni nani aliyekichagua? Ghuba ya Ungwana, tunakovua sisi kwenye pwani ya Kenya, hupokea maji ya Tana na ya Sabaki, na mito hiyo huleta tope wanalolipenda kambamiti pamoja na magogo, visiki na nyavu zilizopotea. Kwa hiyo hakuna wavu usionasa kabisa. Uko wavu unaonasa mara chache, unaoteleza juu ya kikwazo kidogo, na unaoachia kwa utaratibu ukikutana na kikwazo kikubwa, na huo ndio ninaotaka kuueleza kwa mafundi vijana.

Anzeni na bodi, yaani zile mbao mbili zenye kiatu cha chuma ambazo hutanua mdomo wa wavu, kwa kuwa ndizo hutangulia kukutana na chini ya bahari na ndizo nzito kuliko kitu kingine chochote katika zana. Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa hatazami bodi ikiwa ndani ya maji. Alikuwa akiisoma inapopandishwa, kwa kutazama sehemu ya kiatu iliyong'arishwa na mchanga. Kiatu kikiwa kimeng'aa kwenye ncha ya mbele, bodi imeinamisha pua na inalima, na bodi inayolima haina budi kukita kwenye jiwe. Kikiwa kimeng'aa zaidi upande wa nyuma, pua imeinuka kidogo, nayo ikikutana na kikwazo huelekea kukipanda. Kwa hiyo katika eneo lenye visiki mimi huifupisha kwa pete moja ya mnyororo ile kamba fupi ya juu inayotoka nyuma ya bodi kwenda kwenye wavu, ili sehemu ya juu ya bodi ivutwe nyuma na pua ipande. Pete moja inatosha. Pete tatu zitaifanya bodi isimame kwa kisigino, nao wavu utapoteza upana wake.

Jambo la pili katika bodi ni kulala kwake kwa ubavu. Pale waya unapofungwa kwenye minyororo ya bodi, ukipandisha kituo hicho juu kidogo, kichwa cha bodi huegemea ndani, kuelekea mkondo wa wavu, na maji yanayoisukuma huipa nguvu ya kupanda. Ukikishusha, kichwa huegemea nje na maji huikandamiza chini. Katika tope laini na safi unaweza kupendelea hali hii ya pili, lakini karibu na mlango wa mto baada ya mafuriko ni kujitafutia hasara. Ukingo wa ndani wa kiatu ukiwa umelika zaidi kidogo kuliko wa nje, ujue bodi imeegemea ndani, na hapo tumeelewana.

Urefu wa waya nao huamua mengi. Katika maji ya kina kifupi tulizoea kutoa waya mara tano ya kina au zaidi, kwa sababu waya mfupi huinua bodi. Lakini nimewaona manahodha wakiongeza waya kila mara samaki wanapopungua, wakiamini kwamba wavu haugusi chini, wakati ambapo waya wa ziada unaongeza uzito wa kukandamiza na kuipeleka zana ndani zaidi ya tope. Kabla ya kuongeza waya, tazama kiatu.

Sasa nije kwenye kamba ya chini, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi huharibu kwa nia njema. Fundi anayeogopa kunasa hukimbilia kuimarisha: huweka mnyororo mnene zaidi, huufunga moja kwa moja kwenye kamba ya chini, na hupiga vifundo ambavyo haviwezi kufunguka. Matokeo yake ni kwamba mnyororo ukikamata kisiki, wavu mzima umekamatwa nao. Mimi hufanya kinyume. Kamba inayobeba macho ya wavu huiacha juu, na mnyororo unaogusa chini huuning'iniza kwa vipande vifupi vya ugwe vyenye urefu wa kiganja au kiganja na nusu, ambavyo kila kimoja ni dhaifu kuliko macho ya wavu kilipofungwa. Mnyororo ukinasa, ugwe hukatika kimoja baada ya kingine, nao wavu huendelea na safari ukiwa mzima. Jioni unafunga ugwe mpya kumi au kumi na tano, kazi ya nusu saa, badala ya kushona tumbo la wavu siku mbili.

Mnyororo wa kushtua, ule unaotangulia mbele ya kamba ya chini ili kambamiti waruke kutoka matopeni, unastahili kuogopwa zaidi. Huo hutambaa peke yake na umeumbwa kukamata. Upande mmoja ufunge kwa pingu ya chuma, na upande wa pili kwa ugwe utakaokatika, ili ukikwama ufunguke na kuburutwa nyuma kama mkia. Nilipoanza kufunga hivyo, nahodha mmoja alinilaumu kwa kupoteza minyororo miwili katika msimu. Nilimwonyesha daftari: msimu uliotangulia tulikuwa tumepoteza nyavu mbili pamoja na bodi zake.

Katika Bahari ya Kaskazini, wavuvi wa Uskoti na Norwei hutumia kamba ya chini iliyojaa visahani vikubwa vya mpira, vilivyobanwa pamoja na kuzuiwa visizunguke, ili vikigonga jiwe viruke juu yake na kuunyanyua wavu. Ni ubunifu mzuri kwa sakafu yao ya mawe. Hapa kwetu nimeombwa mara kadhaa nitengeneze kitu cha namna hiyo kwa matairi ya zamani, ili meli ipite karibu na matumbawe, nami nimekataa kila mara. Visahani vidogo vya mpira vya kuulinda waya usilike katika mchanga wenye makombe ni sawa. Lakini zana inayoweza kupita juu ya mwamba ni zana inayouvunja mwamba, na mwamba ule ni shamba la wavuvi wa mishipi na malema ambao tayari wametuvumilia vya kutosha. Si bure kwamba trola zilisimamishwa katika ghuba yetu mwaka 2006, na ziliporudi chini ya mpango wa usimamizi wa kambamiti zilitakiwa kukaa nje ya maili 3 za bahari kutoka pwani na kupumzika kuanzia Novemba hadi Machi. Dawa ya mwamba ni kuukwepa.

Kuhusu nyuzi, kumbukeni kwamba nailoni huzama na polithini huelea. Tumbo la wavu likishonwa kwa nailoni hulegea na kuburura chini, hasa wavu unapopunguza mwendo wakati wa kugeuka, na ndipo visiki huingia. Tumbo la polithini hujinyanyua lenyewe. Pia ligawe tumbo kwa mistari ya macho yaliyoshonwa kwa uzi maradufu, kila baada ya hatua mbili hivi, kwa kuwa mpasuko ukianza hukimbia kama moto wa nyika hadi ukute mstari wa kuuzuia. Na kamba za mbavuni, zile zinazopita katika mishono ya pembeni kutoka mdomoni hadi kwenye mfuko, zikatwe fupi kidogo kuliko nyavu zenyewe, ili siku ya kunasa mzigo ubebwe na kamba, si na macho.

Kizimba cha kutolea kasa nacho kina faida ambayo haisemwi sana. Vyuma vyake vilivyoinama huelekeza gogo kwenye tundu la kutokea kama vinavyomwelekeza kasa, mradi mwinamo uwe karibu na digrii 45 hadi 55. Kikisimama wima zaidi, magogo na takataka hukiziba, maji hurudi nyuma, na wavu huanza kuvuta kama umenasa ingawa haujanasa. Wanaokishona kizimba kifungwe kabisa ili wasipoteze samaki wanawaua kasa, na pia wanajijengea ukuta ndani ya wavu wao wenyewe.

Sasa kiungo cha kukatika, ambacho bila hicho hayo yote ni mapambo. Waya wa milimita 14 ulio mpya huweza kubeba takriban tani 10 kabla ya kukatika, nao mzigo huo ukivutwa kutoka ncha ya boriti iliyotoka nje ya ubavu, juu ya sitaha, unatosha kupindua trola ndogo kabla waya haujafikiria kukatika. Kwa hiyo kati ya waya na bodi mimi huweka kiungo ambacho nguvu yake ni theluthi moja hivi ya ile ya waya, kilichojaribiwa nchi kavu kwa mizani ya winchi. Kikikatika upande mmoja, wavu bado umeshikwa na waya wa bodi ya pili, nao utarudi ukiwa umepinda. Breki ya winchi iwekwe vivyo hivyo, iteleze kabla chombo hakijalala. Breki iliyofungwa kwa nyundo hadi mwisho ni hatari kuliko kisiki chochote.

Wasomaji wengi watajiuliza kama natia chumvi. Mwezi Machi 1997 trola ya Uskoti iitwayo Westhaven ilinasa kwenye bomba lililolazwa chini ya Bahari ya Kaskazini, ikazama, na mabaharia wake wanne wote wakafa. Hao walikuwa watu wenye vifaa na uzoefu.

Mkinasa, punguzeni mashine mara moja na msigeuke mkiwa mmekatisha mkondo. Fungeni vifuniko vya ngama na milango yote. Shusheni kituo cha kuvutia kutoka ncha ya boriti hadi ubavuni, chini kadiri inavyowezekana, kisha rudini polepole juu ya njia mliyojia huku mkikusanya waya, ili zana ivutwe kutoka nyuma, upande ilikoingilia. Kamba ya mfuko, ile inayotoka mwisho wa wavu hadi chomboni, ndiyo msaidizi wenu mkubwa hapo, na kwa sababu hiyo iwe nene kuliko mnavyodhani inahitajika. Ikiwa bamvua inasukuma kwa nguvu, subirini maji yasimame. Saa mbili za kusubiri si kitu.

Na andikeni mahali mliponasa, lakini kwa hesabu sahihi. Kifaa cha setilaiti huonyesha chombo kilipo, wakati wavu uko nyuma kwa urefu wa waya: katika kina cha mita 18 mkiwa mmetoa waya mara tano, bodi iko karibu mita 90 nyuma yenu, na kamba ya chini iko mbali zaidi. Nimewahi kuona ramani ya nahodha iliyojaa alama za visiki, na kila kisiki kikiwa mahali ambapo hakipo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakipaswi kuvutwa hata kidogo, nacho ni nyaya za mawasiliano zilizotandazwa baharini, kama zile zilizofika Mombasa mwaka 2009, mmojawapo ukitokea Fujairah. Mkipita nje ya maji yenu ya kawaida, chukueni ramani yenye njia zake. Mkihisi kwamba mmekamata waya wa namna hiyo, kateni zana muiache. Mkataba wa Paris wa 1884 wa kulinda nyaya za chini ya bahari na baadaye kifungu cha 115 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari vinasema kwamba mwenye chombo aliyetoa mhanga nanga au wavu ili asiuharibu waya wa chini ya bahari hulipwa fidia na mwenye waya, na kifungu hicho cha 115 kinataka awe alichukua tahadhari mapema. Ule wa 1884 unataka pia maelezo yaandikwe haraka na kuthibitishwa na mabaharia, na nahodha atoe taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 24 baada ya kufika bandarini. Kwa hiyo andikeni saa, mahali, kina, mwelekeo na urefu wa waya mliotoa, mabaharia wawili watie sahihi, na karatasi hiyo iwe tayari kabla kamba ya kwanza haijafungwa gatini.