Likizo ikifika watoeni watoto nje, ila ratiba muachieni msimu

Kila likizo ikikaribia wazazi wananiuliza maswali yaleyale kuhusu programu yetu ya kuwatoa watoto nje, mnafundisha nini, ratiba ikoje, kuna cheti mwishoni? Nimeona niandike vizuri mara moja kwa wote, maana wengi wenu mnaweza kuanzisha ya kwenu hukohuko mtaani na watoto wa majirani, na wala haihitaji hela nyingi. Sisi tuko Dar upande wa Kunduchi kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya pwani, mtu wa Mwanza au Mbeya atabadilisha kulingana na kwao.

Ninachowaambia wazazi wote ni hiki: usikae ukapanga ratiba yako halafu utake msimu uifuate. Angalia kwanza msimu umeleta nini, ndipo upange. Na mrudi palepale. Yaani sehemu ileile, watoto walewale, msimu baada ya msimu, ila pwani masika mtaipumzisha, nitaeleza mbele. Mtoto aliyepelekwa Mikumi siku moja akaona tembo dirishani mwa basi atafurahi sana, na mimi siwezi kukukataza, mpeleke. Ila mtoto anayeijua kona moja ya mikoko mwaka mzima anajua tundu lipi lina kaa na lipi limehamwa, anajua mti upi unatoa maua lini, na akija mgeni yeye ndiye anayemtembeza. Huyu ndiye ninayemtaka mimi.

Bahati nzuri kalenda ya shule inatusaidia. Likizo fupi ya mwezi wa 4 inaangukia masika, ile ndefu ya mwezi wa 6 ni kipupwe na upepo wa kusi, ya mwezi wa 9 kusi imeanza kupungua na ndege wa mbali wanafika, ya mwezi wa 12 ni joto, kaskazi inavuma na maua ya mkrismasi yako kila barabara.

Nianze na bahari maana ndiko tarehe inawasumbua wengi. Watu wanachagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, wanafika na watoto wanakuta maji yamejaa mpaka ukutani, watoto wanacheza mchanga, wanakula mihogo, wanarudi nyumbani. Si vibaya, lakini bahari yenyewe hawajaiona bado. Bahari unaiona maji yakipwa, na yanakupwa sana siku za bamvua, yaani zile siku chache kuanzia mwezi mwandamo na vilevile kuanzia mwezi mpevu. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Hapa Dar siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na uzuri wa pwani yetu ni kwamba siku hizo maji yanakuwa chini kabisa mida ya saa 4 asubuhi hivi, kisha kila siku inayofuata yanachelewa, kwa wastani dakika 50. Kwa hiyo kabla hujafungua kalenda ya ukutani angalia mwezi uko wapi, au muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila hata kutazama simu.

Fikeni saa 2 na nusu maji bado yanatoka, mnayafuata taratibu kadiri yanavyotoka. Yakianza kurudi na nyie mnarudi, hakuna cha "anti dakika tano tu". Kwenye miamba maji hayarudi kwa mstari ulionyooka, yanapita kwanza kwenye vijito vya pembeni, unaweza kuwa unaangalia mbele pakavu kumbe nyuma yako pameshajaa mpaka magotini kwa mtoto. Hili ndilo la kwanza ninalomwambia kila mtu mzima anayekuja kusaidia, kabla ya habari ya chakula, kabla ya chochote.

Siku za bamvua mtawakuta akina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza. Watoto watoe shikamoo, muwaombe muwaangalie kidogo wakifanya kazi, wengi wao ni wakarimu na wanajua kuliko kitabu chochote utakachobeba. Waulizeni wanamtambuaje pweza kwamba yumo ndani. Mama atawaonyesha tundu ambalo nje yake kuna kirundo cha magamba ya chaza na vipande vya kaa, ndio mabaki ya chakula chake, na mara nyingine amejivutia vijiwe mlangoni ajizibe. Basi mtoto akishaonyeshwa hivyo hatembei tena ovyo, anatembea ameinama anatafuta milango. Na mkibahatika kumwona anatoka, mnaona rangi inabadilika mwili mzima kutoka kahawia kwenda karibu nyeupe halafu inarudi, macho yenu yanamwangalia na bado mnampoteza kwenye mwamba.

Usalama sasa, na hapa sina utani. Viatu ni raba kuukuu au yeboyebo yenye mkanda nyuma, kandambili hapana. Konokono wa baharini wenye gamba umbo la koni hawashikwi hata kama gamba ni zuri kiasi gani, wana sumu na wapo wanaoweza kuua mtu mzima, wekeni sheria rahisi kwamba gamba lolote la koni ni la kuangalia tu. Kuna wale viumbe wa duara wa miiba mirefu myeusi, kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe ambaye miiba yake ya mgongoni ina sumu kali, kuna samaki anayeitwa taa aliyejifukia mchangani, kwa hiyo mchangani kwenye maji tembeeni kwa kuburuta miguu asishtuke. Mimi huwa nabeba chupa ya chai ya maji ya moto. Mtu akichomwa na samaki jiwe au taa unaloweka mguu kwenye maji ya moto ambayo anaweza kuyavumilia bila kuungua (jaribu wewe kwanza kwa mkono wako, maana mtoto mwenye maumivu hatajua kama yanaunguza), kwa nusu saa na zaidi, maumivu yanapungua kwa sababu joto linaivunja ile sumu, halafu hospitali. Aliyechomwa na koni usisubiri kitu, ni hospitali hapohapo.

Magamba hayabebwi kwenda nyumbani. Watoto wanalia mwanzoni, lakini waonyeshe yule kaa anayeishi kwenye gamba la konokono aliyekufa, anavyokua anahitaji gamba kubwa zaidi, akikosa anabaki amebanwa na nusu ya mwili iko nje. Wakishamwona hakuna anayelia tena. Na mkienda visiwani, Mbudya au Bongoyo, hizo ni hifadhi tangu 1975, kubeba kitu ni kosa. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha, la mtu mzima linamvuka kichwani likaelea peke yake, nahodha akisema hana ya watoto mnashuka.

Mikoko ndiyo ninayoipenda kuliko vyote. Wapeni watoto jani la mchu waulambe upande wa juu. Ni chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, siku za jua kali unaiona imeganda punje nyeupe ndogondogo. Hapo huhitaji kuwahubiria. Kisha tafuteni tope lenye vitundu vingi, kila mtoto akae juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkae kimya kama dakika 10. Mnapofika tope ni tupu, hakuna kitu, wanasema twende. Kaeni. Anatoka mmoja, wanatoka watatu, baadaye tope zima linatembea, wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa la rangi wanalipandisha na kulishusha. Kuna mtoto lazima atauliza mbona wengine wana magando madogo yote mawili. Usimjibu. Mwambie aangalie nani anampungia nani. Wanakuja wenyewe kwenye jibu kwamba wenye gando kubwa ni madume, na jibu alilolipata amekaa juu ya ndoo hawezi kulisahau. Mdogo wangu mimi ni mwalimu, mwanzoni alikuwa anashindwa kabisa kunyamaza, sasa hivi yeye ndiye anayewaambia wazazi shhh.

Masika nawashauri msiende pwani wala mabondeni. Mifereji yote inashusha uchafu baharini na mito ya Dar ikijaa haitanii. Masika ni ya uani. Mvua ikikatika jioni, taa ya nje inajaa kumbikumbi, waambieni watoto wachuchumae waangalie chini badala ya juu, kumbikumbi anatua, anakata mbawa zake mwenyewe, dume linamfuata jike nyuma nyuma wakitafuta pa kuchimba, hao ndio wanaokwenda kuanzisha kichuguu kipya. Kuna majongoo, konokono, vyura, vimulimuli kwa wenye bahati ya majani marefu. Wakishika konokono mikono ioshwe kwa sabuni, na kuchezea madimbwi au vijito vya maji baridi hapana, kichocho kipo. Mbu nao, suruali ndefu na dawa ya kupaka, Dar tumeshapata milipuko ya dengi 2014 na 2019.

Mwezi wa 6 twendeni msituni, kumepoa, njia zimekauka. Sisi tunakwenda Pugu, msitu uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo mnaomba kibali na kulipia kiingilio, na mnachukua mwongozo wa palepale. Msimu huu adui ni upupu. Maganda yamekauka, vinyweleo vinaruka na upepo, kwa hiyo mtu mzima anayeujua atangulie, mikono mirefu, na asiyeujua asiguse ganda lolote lenye manyoya ya kahawia. Ukimpata mtoto usimsugue, vinyweleo vinazidi kuzama, tumia gundi ya karatasi (selotepu) unabandika na kubandua, kisha maji mengi.

Mwezi wa 9 rudini kwenye ileile pwani mliyokwenda kwanza. Kuna wageni. Sululu wenye mdomo mrefu uliopinda wametoka kaskazini kabisa, Ulaya kaskazini na Urusi, wanachomoa kaa kwenye matundu yaleyale ambayo watoto wanayajua. Na kuna yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi anayekula kaa, anazalia pwani za Uarabuni, Oman mojawapo, anachimba shimo mchangani na kutaga humo. Muangalieni kwa subira mtaona kinda lililokwisha kuwa kubwa karibu sawa na mama yake bado linamfuata linalia chakula, hapa Tanzania, baada ya safari yote ile. Watoto wetu wengi wana shangazi au mjomba Muscat, kwa hiyo swali la kwanza huwa amepita wapi.

Mwezi wa 12 nina jambo moja tu la kusisitiza, kalaleni macho chini ya mbuyu. Maua yake yanafunguka jioni jua likizama, yananing'inia makubwa meupe, harufu yake si nzuri, na popo ndio wanaokuja. Kesho yake asubuhi ua limeanza kunyauka limekuwa kahawia. Bebeni mkeka, tochi, maji na mtu mzima mwingine, kaeni pembeni kidogo. Hakikisheni mwenye eneo anajua na mjumbe anajua, watu wazima wenye tochi chini ya mbuyu usiku wanaweza kueleweka vibaya.

Kuhusu idadi, watoto wachache. Mtu mzima mmoja watoto wanne, kwenye maji watatu, na hapo sihesabu mzazi anayechati. Simu za watoto zinabaki nyumbani, za wakubwa zinakaa mfukoni isipokuwa moja ya dharura. Kofia na mikono mirefu kwa wote, na mkiwa na mtoto mwenye ualbino pangeni asubuhi mapema au jioni na mafuta yake ya jua yapakwe upya mara kwa mara, asiachwe nyumbani kwa sababu mmepanga saa 6 mchana.

Cheti hatutoi. Kila mtoto ana kaunta buku, anachora alichokiona, anaandika tarehe na mwezi ulikuwaje angani, basi. Fulana zenye jina la programu, mabango, mashindano ya maswali, sioni faida yake na vinakula hela ambayo ingelipa nauli ya mtoto ambaye mama yake hana. Kwenye kikundi chenu hakikisheni nafasi moja au mbili ni za watoto wa aina hiyo. Mkitaka kujiunga na kitu kikubwa zaidi shuleni kwao, ulizeni kama kuna klabu ya mazingira, iwe ya Malihai au Roots & Shoots, hii ya pili ilianzia hapahapa Dar mwaka 1991, aliianzisha Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, na wanafunzi 12.

Na mtoto muoga je, mnaniuliza sana hili. Mwacheni asimame mbali. Asilazimishwe kushika kaa, asichekwe, wala asiambiwe mbona mwenzako anashika. Mpeni kazi ya kushika kaunta buku ya kundi na kuandika wenzake wanachopiga kelele. Likizo inayofuata mpelekeni tena palepale, akiwa na wenzake walewale, akae juu ya ndoo ileile ya mbali. Atasogea mwenyewe siku akitaka, na asiposogea mwaka huu bado ameona kila kitu.